Kisirani Alivyonitia Kwenye Wimbo

Watu wakinisimamisha barabarani siku hizi hawanisalimii, wananiomba niwagombeze. Mtu mzima, kavaa suti, mkoba mkononi, ananijia meno nje: "Shangazi, nigombeze kidogo tu, nirekodi nimpelekee mke wangu." Mwanzoni nilikuwa nakasirika kweli, na nikikasirika ndiyo wanapata wanachokitaka, wanaondoka wanacheka. Sasa nimezoea. Nikiwa na haraka namwambia mtu, "Hebu nipishe huko," naye ananishukuru utadhani nimempa zawadi.

Yote haya kayaleta binti wa kaka yangu. Ulimwengu unamjua kwa jina la Kisirani, na jina hilo nimempa mimi, ingawa sikumpa kwa wema. Ni mwanamuziki. Anaghani mwenyewe, anatengeneza midundo mwenyewe, na midundo yenyewe haifanani na kitu chochote ulichowahi kukichezea harusini. Magazeti yanasema ni muziki wa majaribio. Mimi niliyekaa na majaribio hayo chini ya paa langu naweza kukuhakikishia kwamba aliyejaribiwa zaidi nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni dobi. Duka langu lina chumba cha mbele chenye kaunta na reli ya kutundikia nguo zilizokwisha, na chumba cha nyuma chenye mashine za kufulia, ya kukaushia, na meza ndefu ya kupigia pasi. Kwenye meza hiyo anasimama Bwana Pasi, ambaye nimefanya naye kazi tangu sote tuna nywele nyeusi. Pembeni kuna stoo ya mashuka ya hoteli, yamepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, ukiingia humo na kufunga mlango husikii hata gari barabarani. Kila nguo inayokuja inapigwa kibandiko cha namba kwenye kola, na kila mfuko unakaguliwa. Nimekuta mifukoni meno ya bandia, pete za ndoa, siku moja hata yai bichi. Dobi asiyekagua mifuko bora akauze karanga.

Kaka yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Alipofiwa na mkewe akaniletea mtoto, bado mdogo anang'ang'ania shingo ya baba yake, akaniambia, "Dada, nishikie kidogo tu." Kidogo hicho hakijaisha mpaka leo.

Mtoto hakunisumbua kwa kulia. Alinisumbua kwa kusikiliza. Unamkuta kaweka sikio kwenye tumbo la mashine, macho kayafumba, mashine inazungusha mablanketi. Unamtuma hanga za kutundikia nguo, huzioni, unasikia tu zinagongwa huko nyuma, ti-ti-ta, ti-ti-ta. Vifungo vilivyokatika nilikuwa naviweka kwenye bakuli. Yeye alikuwa anavimimina kwenye beseni la bati, anavizoa, anavimimina tena. Mimi napiga ukelele: "Wee kisirani! Nimesema leta, sijasema piga!" Naye anacheka mpaka anakaa chini.

Shuleni walimtia kwenye kwaya, wakamtoa mwezi uleule, kwa sababu wenzake walipokuwa wanaimba yeye alikuwa anaiga feni ya darini. Mwalimu akaniita. Akaniambia mtoto ana kipaji lakini hajui kinaelekea wapi. Nikamjibu kwamba hata mimi sijui, ila kikielekea kwenye feni nyingine nitamchapa.

Alipomaliza shule akabaki dukani ananisaidia, na mchana kazi ikipungua anajifungia kwenye ile stoo ya mashuka na kompyuta kuukuu aliyoipata kwa fundi. Humo ndimo alimokuwa anaghania. Mashuka yanameza mwangwi wote, sauti inatoka nzito, ya karibu, kama mtu anayekunong'oneza kitandani chini ya blanketi. Ngoma yake ilikuwa mashine ikizungusha vifungo. Upatu wake ulikuwa pasi ya mvuke ya Bwana Pasi: tsss. Nilimwambia mara ngapi sijui, "Mwanangu, hiyo si kazi. Kazi ina saa ya kuingia na saa ya kutoka, na ukiulizwa unafanya nini unajibu kwa neno moja, mtu anaelewa."

Alikuwa anaitikia, "Sawa, Shangazi." Kumbe sauti yangu ananasa.

Siku niliyojua ilikuwa asubuhi. Nimesimama kaunta napokea mapazia ya mteja, nikasikia mwanamke anafoka kwenye duka la viatu ng'ambo ya barabara. Anafoka kweli, hana haya, hana breki. Nikamwambia Bwana Pasi, "Hebu sikiliza, kuna mwanamke hana adabu huko nje."

Bwana Pasi akaweka pasi chini. Akasikiliza. Akajikuna shingo. "Bosi," akasema, "huyo ni wewe."

Nikatoka na sindano ya vibandiko bado ipo mdomoni. Spika la duka la viatu limetolewa mpaka barazani, na ndani yake nipo mimi: *Naongea na nani? Naongea na nani hapa? Naongea na ukuta?* Kila nikivuta pumzi, pasi inaitika, tsss. Halafu vifungo vinaanguka, halafu mimi tena, *naongea na nani*, nimekatwa, nimegeuzwa, nimerudishwa nyuma, na katikati yangu anaingia Kisirani na ile sauti yake ya chini ya blanketi:

*Najua siri za mji kwa harufu ya kola,*
*nani kalia kwenye leso, nani kalala na hasira.*
*Nimefua mashati ya mabosi, sijafua jina langu,*
*jina langu nalivaa hivihivi, na makunyanzi yangu.*

Muuza viatu anatikisa kichwa. Wasichana wawili wanacheza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilirudi ndani nikamkuta Kisirani anakunja foronya, kanywea. Kumbe wiki kadhaa alikuwa anaficha simu katikati ya mashuka yaliyokunjwa mezani, mimi nafoka, simu inakula.

"Umeniibia sauti!" nikamwambia.

"Sikuiba, Shangazi. Uliimwaga yote hapa sakafuni, mimi nimeokota tu."

Bwana Pasi akageuka ukutani, mabega yanamtetemeka. Nilimnunia Kisirani wiki nzima, na Bwana Pasi pia nilimnunia, kwa kucheka.

Wimbo ukatembea. Ulipita simu kwa simu, ukaingia redioni, wanafunzi wakawa wanapita dukani kuchungulia "yule shangazi" anafananaje. Lakini wimbo kutembea ni jambo moja na mwenye wimbo kupata pa kusimama ni jambo lingine. Alialikwa harusini, akawasha ule mvumo wake wa mashine, mama wa bibi harusi akaja mwenyewe kuchomoa waya. Alicheza kwenye ukumbi wa chuo mbele ya viti vitupu na mlinzi mmoja, na mlinzi alikuwa anangoja kufunga. Wasanii wengine wakawa wanakuja kwa siri kwenye stoo yangu ya mashuka awatengenezee midundo, wanaipeleka wanakoipeleka, inapigwa kila mahali, jina lake halitajwi. Nilikuwa naumia. Nilikuwa namwona anavyokaa na kompyuta yake, uso umesawijika, anarudia sekunde moja ya sauti mchana kutwa, na hakuna anayemwambia ahsante. Nikasema hapana, mtoto wa watu atanizeekea kwenye stoo.

Hapo akajitokeza prodyuza mwenye studio ya kioo na ndevu za kuchongwa. Akasema atatoa albamu nzima ya Kisirani, ila ile sauti ya shangazi irekodiwe upya, safi, maana ile ya kwanza ina vumbi. Basi nikavaa gauni la sherehe, nikaenda. Wakanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka, wakaniletea soda na leso ya kupangusia mdomo, kila mtu "Mama hapa, Mama pale, Mama uko sawa?" Wakanivisha visikizio. Prodyuza akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, ukiwa tayari, naomba ufoke."

Ala! Utafokaje mtu kakuletea soda? Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya kutangaza msiba: "Mwanangu mpendwa, tafadhali, ninaongea na nani?" Kisirani nyuma ya kioo kainama, namwona anajiziba mdomo. Wakajaribu tena. Wakanionyesha picha ya chumba kichafu ili nikasirike. Nikawaambia chumba hicho kinahitaji ufagio tu, si hasira. Mwishowe prodyuza akasema hakuna shida, ana binti mwimbaji mzuri, ataigiza sauti ya shangazi, na chini wataweka ngoma ya kawaida watu wapate kucheza.

Kisirani akaingia pale nilipokaa, akanivua visikizio taratibu. "Twende nyumbani, Shangazi," akasema. Prodyuza akamuuliza kama anajua anakataa nini. Akajibu, "Najua. Ndiyo maana naondoka."

Njia nzima nilikuwa namgombeza. Nafasi imekuja na miguu yake, wewe unaifukuza! Na kwa nini? Kwa sababu ya makelele yangu! Ndipo nikakata shauri. Kuna daktari wa macho ambaye makoti yake meupe nafua mimi, mtu mstaarabu, kliniki yake ina viti vya ngozi. Alikuwa anatafuta mtu wa mapokezi. Nikamwomba, akakubali: Kisirani aanze Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nilipomwambia mtoto, hakubisha. Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu akaniangalia.

"Shangazi, Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu nimealikwa kwenye tamasha. Ukumbi mkubwa, mchana. Wasanii wengi, na mimi nimo katikati. Niache nicheze hilo moja."

"Halafu?"

"Halafu wakinikubali, uniache na muziki wangu. Wasiponikubali, Jumatatu naenda kwa daktari na sitagusa tena kompyuta. Sitakuletea lawama."

"Na mimi nakuahidi," nikasema, "wakikukubali, sitasema tena neno. Nitafunga mdomo kabisa."

Tukapeana mikono. Bwana Pasi ndiye shahidi. Na niseme ukweli wangu: nilitaka ashindwe. Nilitaka akae kwenye kiti cha ngozi, avae blauzi iliyonyooshwa, aitwe "dada wa mapokezi". Nilikuwa nimeshaanza kumshonea sketi.

Jumamosi ikafika. Alikuwa amejipangia jukwaa lake mwenyewe: beseni la bati na vifungo, hanga kwenye kamba, pasi ya mvuke, maiki aliyoifunga kipande cha shuka, na kidude cha kukanyaga kwa mguu. Kidude hicho ukikikanyaga kinanasa sauti papo hapo na kuirudia, ukikanyaga tena kinaongeza nyingine juu yake. Ila uti wa mgongo wa onyesho zima ulikuwa sauti zangu, vipande kwa vipande, na vyote vilikuwa kwenye flashi moja, maana kompyuta ile ilishajaa mpaka ikawa haifungui hata saa.

Tulipofika nyuma ya jukwaa, fundi mitambo, kijana mpole mwenye tochi kichwani, akaichomeka flashi. Kimya. Akaitoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Kimya. Akaigeuza, likadondoka tone la maji.

Kisirani akakaa chini palepale. "Ovaroli," akasema.

Nikaelewa kabla hajamaliza. Siku moja kabla alikuwa ameitia ovaroli yake ya jukwaani kwenye mashine, si kwamba ilikuwa chafu, bali alitaka kurekodi zile zipu zake za chuma zinavyogonga chuma. Alikuwa amepiga magoti na simu yake, anafurahia mlio, na flashi ipo mfukoni inazunguka na sabuni. Mtoto aliyelelewa na dobi! Aliyekagua mifuko ya mji mzima! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja.

"Si utumie wimbo wenyewe?" fundi mitambo akamuuliza. "Uupige, uimbe juu yake."

"Hapana. Nimekuja kutengeneza, sikuja kufuatisha." Akasimama, akajipangusa. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyonichoma. "Basi, Shangazi. Sketi ile imeisha?"

"Bado pindo," nikasema.

"Nitapanda hivyohivyo. Jumatatu nitaenda."

Hakuniomba. Alikumbuka soda ya studio, alijua kufoka kwangu hakuombwi. Nikaenda kukaa mstari wa mbele na Bwana Pasi, mkoba mapajani. Nilikuwa nimeshinda. Nilijiambia hivyo kabisa, umeshinda, tulia, na moyo ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa.

Mshereheshaji akamtaja. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, na aliyetangulia alikuwa amewaacha wanaruka. Kisirani akatoka peke yake na beseni lake. Akamimina vifungo, akakanyaga, vikarudia. Akapuliza mvuke, tsss, akakanyaga. Akagonga hanga. Mimi niliyemkataza vitu hivyo tangu utotoni nilisikia vinavyokaa mahali pake, kimoja nyuma ya kingine, lakini katikati kulikuwa na shimo, na shimo hilo lilikuwa langu. Ukumbi ukaanza kupiga soga. Akaanza kughani, *najua siri za mji*. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akapiga miayo kwa makusudi, watu wakacheka. Kisha huko upande wa kulia jamaa mmoja akapaza sauti:

"Dada, nenda kafue!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sijui nilisimama saa ngapi. Bwana Pasi anasema nilimkanyaga mguu na sikuomba radhi. Ninachokumbuka ni kwamba damu ilinipanda mpaka masikioni, na ngazi za jukwaa zilikuwa chini ya viatu vyangu, na ile maiki yenye kipande cha shuka ilikuwa mkononi mwangu.

"Nani kasema akafue?" nikauliza. "Nimeuliza, nani kasema? Simama nikuone! Husimami? Mdomo ulikuwa nao, miguu imekwenda wapi? Shati hilo ulilovaa kafua nani? Limejifua? Limejipiga pasi lenyewe likakufuata? Khaa! Mtoto huyu kafua mashuka mnayolalia mahotelini na wake zenu, leo mnamwambia akafue! Kakaa kwenye stoo miaka yote anatafuta sauti ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuifikiria, mnaipiga kwenye simu zenu, mnaichezea, na hamjui hata ni ya nani! Naongea na nani? Naongea na nani hapa? Naongea na ukuta?"

Nikavuta pumzi, na nyuma yangu pasi ikasema: tsss.

Mahali palepale. Pale hasa ninapovuta pumzi. Maskini mimi, sikuwahi kujua kwamba nina mahali pa kuvutia pumzi, lakini mtoto huyu alikuwa anapajua tangu utoto wake. Nikageuka. Kisirani alikuwa na mguu juu ya kidude, machozi yanamtiririka, na anacheka. Akakanyaga. Sauti yangu ikarudi kutoka kwenye maspika yote, nzito, kubwa, *naongea na nani, naongea na nani hapa*, vifungo vikaanguka chini yake, hanga zikaitika juu yake, na lile shimo likazibwa, nikasikia jinsi lilivyozibwa.

Ukumbi ulikuwa umeacha kucheka. *Naongea na nani?* maspika yakauliza mara ya pili.

"Na sisi!" akajibu mtu mmoja huko kwenye ngazi.

*Naongea na nani hapa?*

"Na sisi!" Safari hii walikuwa wengi. Mara ya nne ulikuwa ukumbi mzima, watu wamesimama, mikono juu, "Na sisi! Na sisi!" mpaka mbao za jukwaa zinatetemeka chini ya miguu yangu. Na juu ya mvumo huo Kisirani akaingia. Loo, mtoto yule alighani! Hakunong'ona tena. Alighani jina lake, alighani mama yake asiyemkumbuka, alighani lori la baba yake, alighani stoo na mvuke na kola za mabosi, maneno mengine nilikuwa sijayasikia, aliyatunga palepale mdomoni. Kila akifika mwisho wa mstari ananitupia jicho, nami nafoka kipande kipya, anakinasa, anakitupa juu. "Inua kichwa!" "Nyoosha mgongo!" "Usiniangalie mimi, waangalie wao!" Vyote vikawa wimbo. Yule jamaa wa upande wa kulia nilimwona kwa macho yangu, kasimama juu ya kiti, anapiga makofi mpaka viganja vimemwiva. Nilimkata jicho hata hivyo.

Walikataa kumwachia ashuke. Mshereheshaji alikuja mara mbili, mara mbili akarudishwa. Aliyetakiwa kufuata akasema yeye hapandi baada ya vile, bora apande mwingine. Kabla ya hapo niliwahi kupigiwa makofi mara moja tu, siku ya kumaliza shule, na hayakuwa yangu peke yangu. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kazini, nikafurahi. Nilifurahi mno, na sioni kwa nini nisiseme.

Nyuma ya jukwaa watu walikuwa wanamvuta huku na huku, huyu anataka kumwalika nje ya nchi, yule anataka albamu itoke na vumbi lake lote. Yule prodyuza wa ndevu alikuwepo pia, anasema yeye alijua tangu mwanzo. Kisirani akawaponyoka, akaja akaniegemea begani, kaloa jasho.

"Shangazi, ulisema wakinikubali hutasema tena neno."

"Nilisema. Na nimefunga mdomo kuanzia sasa."

"Thubutu!" akasema, akanishika mikono yote miwili. "Tafadhali, Shangazi. Usinyamaze. Nakuomba usinyamaze kabisa."

Nilimwambia aache upuuzi, akavae kitu kikavu asije akapata mafua.

Jumatatu nikaamka mapema. Kisirani alikuwa bado amelala, nami sikumwamsha. Nikayabeba makoti meupe ya daktari wa macho, yamenyooshwa, yamefunikwa plastiki, nikaenda nayo kliniki mwenyewe. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye vile viti vya ngozi, wengine wametiwa dawa machoni wanasubiri ikolee, vichwa wameegemeza ukutani. Nyuma ya dawati la mapokezi kiti kilikuwa kitupu, kalamu mpya imewekwa.

Daktari akatoka, akaangalia nyuma yangu. "Mama, karibu. Binti yuko wapi? Tunamsubiri."

"Daktari, nimekuja kukushukuru na kukuomba radhi. Hatakuja."

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Ana kazi."

Akashangaa kidogo, na haki yake, kwa sababu ni mimi niliyemwomba kwa kumsihi. "Kazi gani, Mama?"

Ningeweza kumjibu polepole. Tulikuwa karibu, na yeye si kiziwi. Lakini nilisema kwa sauti ile ile yangu, makusudi, mpaka wagonjwa wasioona kitu wakageuza vichwa kutafuta ilikotoka.

"Mwanamuziki," nikasema. "Mtoto wangu ni mwanamuziki."